Nameza vidonge vya damu kila siku, mbona damu haipandi?

Assalaam alaykum Bibi,

Mimi ni mama wa miaka 28, naishi Wete, Pemba, nyumba moja na wakwe zangu. Nina mtoto wa miaka miwili na nusu, na sasa nina mimba ya miezi mitano. Kliniki ya mwezi uliopita walinipima damu wakaniambia ni 9.4, ni ndogo, wakanipa vidonge vya kuongeza damu, kimoja kila siku. Nimemeza mwezi mzima bila ya kuruka hata siku moja. Juzi nimerudi, wamenipima tena: 9.5. Muuguzi akanitazama akaniuliza, "Vidonge unameza kweli wewe?" Nilitaka kulia, Bibi, kwa sababu nameza. Foleni ilikuwa ndefu, nikaona haya kuuliza zaidi, nikaondoka.

Sasa nikueleze nyumbani kwetu. Mama mkwe wangu ananipenda, nisije nikamsingizia. Akishasali alfajiri anateleka chai: majani, mchaichai wa nyuma ya nyumba, iliki, karafuu mbili tatu, na sukari kikombe kizima humo humo sufuriani. Akiipua anaichuja, anajaza chupa, na chupa hiyo haikauki mpaka usiku. Asubuhi boflo na chai, mchana wali kisha chai, usiku mkate wa kusukuma au muhogo na chai. Hata vidonge vyangu navimeza kwa hiyo chai, maana maji matupu yananitia kichefuchefu. Mwanangu naye hupewa kikombe chake, anachovya boflo.

Jirani ameniambia chai inakausha damu. Nilipomgusia mama mkwe alinyamaza, na siku mbili hakuzungumza na mimi vizuri. Mume wangu kwa upande wake amepata ujumbe kwenye simu unaosema chai ni dawa ya moyo, presha, sukari na hata saratani, akausoma kwa sauti mbele ya mama yake. Mama ana sukari na presha miaka mingi. Tangu siku ile vidonge vyake ameviweka kabatini, anasema mchaichai na mdalasini vinamtosha.

Naomba unieleze, chai ina faida au ina madhara? Na mama mkwe nimwambieje bila ya kumvunjia heshima?

Msomaji, Wete


Waalaykum salaam, mwanangu.

Nianze na lile swali la muuguzi, kwa sababu najua limekuchoma. Mimi nakuamini. Vidonge unameza, na kwa hesabu ya kawaida mwezi mzima ulitosha damu kupanda kwa kiasi cha kuonekana. Isipopanda, kabla ya kumtuhumu mama wa watu, huulizwa: unameza na nini? Jibu lako limo ndani ya barua yako mwenyewe. Unameza na chai.

Nilikuwa mkunga miaka mingi hapa Unguja kabla sijakaa kujibu barua. Kuna mama mmoja simsahau. Nilimvuta ukope wa chini wa jicho, ndani mweupe kama nyama ya dafu. Nikamuuliza habari ya vidonge, akasema anameza, na ili nimwamini akatoa chupa ya chai kwenye kikapu, akamimina kwenye kifuniko, akatia kidonge mdomoni akashushia. Vidonge vile nilimpa mimi kwa mkono wangu mwezi uliotangulia. Nilimwambia kimoja kila siku, sikumwambia asimeze na chai. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo hakuna mama aliyepita mikononi mwangu bila ya kusikia maneno ninayokwambia sasa.

Jirani yako kasema chai inakausha damu. Hajakosea sana, lakini haiendi hivyo. Damu uliyonayo mwilini chai haiigusi. Majani ya chai yana vitu vinavyoitwa tanini, ndivyo vinavyoipa ule ukakasi unaousikia ulimini. Tanini zikikutana tumboni na madini ya chuma, yale ambayo mwili unatengenezea damu, hushikana nayo, na yakishashikwa utumbo hauwezi kuyafyonza. Yanapita tu na kutoka. Chuma cha kwenye nyama na samaki hakidhuriki sana. Kinachoshikwa zaidi ni cha maharage, mbaazi, mchicha, kisamvu na nafaka, yaani kile chakula chetu cha kila siku, na kile cha kwenye kidonge pia. Kutia maziwa hakusaidii. Tanini zinabaki na kazi yao.

Sasa sikiliza lenye faraja. Yote haya ni suala la saa. Kuna utafiti mdogo uliofanyiwa wanawake Uingereza na kutolewa mwaka 2017: chai ikinywewa pamoja na chakula, chuma kilichofyonzwa kilipungua kwa zaidi ya theluthi. Walipongoja saa moja baada ya kula ndipo wakanywa, hasara ilishuka kwa kama nusu. Kwa hiyo wewe hutakiwi kuiaga chai. Unatakiwa kuitenga na chakula na kuitenga zaidi na kidonge.

Siku yako naiona hivi. Asubuhi kula boflo lako, na ukipata mbaazi au maharage ya nazi ndiyo vizuri zaidi, lakini shushia maji, au maji ya ndimu, au kula na chungwa. Vitamini C iliyomo kwenye ndimu, machungwa, mapera na maembe inafanya kinyume cha tanini: inakisaidia chuma kuingia. Chai yako ya kwanza inywe saa nne, ukiwa umeshamaliza kazi za asubuhi na mwili unataka kupumzika; nina hakika utaisikia tamu kuliko ile ya haraka haraka na boflo mkononi. Ya pili inywe baada ya alasiri. Mchana na usiku chakula kipite na maji. Kidonge meza usiku unapokwenda kulala, saa mbili au zaidi baada ya kula, na bilauri ya maji uliyokamulia ndimu. Ule usingizi utakupitisha kwenye kichefuchefu. Ukiona tumbo bado linakataa, meza na kipande cha chungwa au ndizi. Kidonge kilichoingia na chakula kidogo ni bora kuliko kilichotapikwa. Haja kubwa ikiwa nyeusi usishtuke, ni hicho chuma. Na hivyo vidonge viweke juu, mahali mtoto hafiki. Kwa mama ni dawa, kwa mtoto mdogo aliyebugia vingi ni sumu ya kuua.

Vikombe viwili kwa siku kwa mjamzito havina neno. Kikombe kimoja cha chai nyeusi kina kafeini kama miligramu 40 hadi 50, na ikichemshwa sana kwenye sufuria huzidi. Uingereza wanawashauri wajawazito wasipite miligramu 200 kwa siku, na humo hesabu na kahawa na zile soda nyeusi. Chai yenu ya chupa isiyokauka, mwanangu, ilikuwa inakupeleka karibu na huo mpaka bila ya wewe kujua.

Kuna jambo jengine ambalo ningekuuliza kama ungekaa mbele yangu, na nitakuuliza hapa hapa. Je, unakula udongo au mchele mbichi? Wajawazito wengi wa Pemba na Unguja wanakula na wanaficha. Sikuulizi ili nikuaibishe. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu wenyewe, na udongo nao hukishika chuma kama chai inavyokishika. Kama unakula, mwambie mkunga. Halafu ukirudi kliniki waulize kuhusu safura na malaria, kwa sababu minyoo ya safura inanyonya damu kimya kimya, na mama anayelima au anayetembea peku shambani anaipata kirahisi. Dawa ya minyoo hutolewa kwa wajawazito waliokwishapita miezi mitatu ya mwanzo. Kama hujapewa, iulizie. Kama kwenu kuna ugonjwa wa selimundu, useme pia. Nisingependa lawama zote tuitwishe chai halafu kumbe kuna mwizi mwengine ndani ya nyumba.

Na mtoto. Hapa naomba unisikilize vizuri kuliko pote. Mtoto wa miaka miwili na nusu asinyweshwe chai. Tumbo lake ni dogo, chakula chake ni kidogo, na ule uchache wa chuma unaopatikana kwenye kidogo hicho ndio unaojenga damu yake na ubongo wake. Ukimjazia chai ya sukari na boflo anashiba kitu kisichokuwa na faida. Mpe uji, maziwa, yai, maharage yaliyopondwa, samaki aliyechambuliwa miba. Nimeona watoto wengi wanaosemwa wavivu, hawachezi, wamelala tu kwenye jamvi, na kumbe ni damu. Nikiikumbuka ile sura ya mtoto asiyetaka kuinuka, moyo unaniuma mpaka leo.

Sasa faida, kwa maana umeuliza na sitaki uione chai kama adui. Chai nyeusi na chai ya kijani ni majani ya mti mmoja, tofauti ni namna yanavyotengenezwa. Mti huo hapa visiwani hatuulimi. Majani tunayokunywa hutoka bara, Mufindi, Njombe, Rungwe na milima ya Usambara. Mchaichai ni mmea mwengine kabisa, ni nyasi, na hauna kafeini. Nakueleza hivi kwa sababu ule ujumbe wa simu unavichanganya vyote na kuviita "chai".

Kuhusu majani ya chai yenyewe, uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia watu karibu 500,000 kwa muda wa miaka 11 hivi, wengi wao wakiwa wanywaji wa chai nyeusi. Waliokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku vifo vyao vilionekana vichache kidogo kuliko vya wasiokunywa, hatari ya kufa ilikuwa chini kwa asilimia 9 hadi 13, na vifo vya maradhi ya moyo na kiharusi vilikuwa pungufu pia. Aliyetia maziwa na asiyetia walikuwa sawa. Hiyo ni habari njema, ila isome kwa ukubwa wake. Uchunguzi wa namna hiyo unaonyesha vitu viwili vinakwenda pamoja, hauthibitishi kwamba kimoja ndicho kilichosababisha chengine. Chai pia hushusha presha, lakini kwa nukta moja mbili hivi. Kidonge cha presha hushusha mara kadhaa ya hapo. Kuna na faida ambayo hakuna anayeisambaza kwenye simu: chai ni maji yaliyochemka. Katika visiwa vilivyowahi kuzika watu kwa kipindupindu, nyumba inayochemsha maji yake kila alfajiri inajikinga, na mama mkwe wako amewakinga hivyo miaka yote.

Na moto wa hiyo chai usiudharau. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilisema vinywaji vya moto uliopita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya koo la chakula. Walipowapima wanywaji wa chai mkoani Kilimanjaro, wastani wa joto walilonywea ulikuwa kiasi cha nyuzi 70. Wazee wetu walimimina kwenye kisahani wakapuliza. Kirudisheni kisahani mezani.

Sasa mama mkwe, na hapa ndipo barua yako ilipo nzito. Mtu mwenye sukari na presha aliyeacha dawa ghafla yumo hatarini kila siku inayopita, hata akijiona mzima. Presha haimuumi mtu mpaka siku inapopasua mshipa. Mchaichai, mdalasini, iliki, vyote ni vyema kwenye chai na wala sisemi aviache, lakini hakuna hata kimoja kinachofanya kazi ya vidonge vyake. Na tazama hii hesabu. Kikombe cha sukari ni kama gramu 200. Chupa ikitoa vikombe kumi, kila kikombe kimebeba gramu 20, nayo ni sawa na vijiko vitano. Akinywa vitatu kwa siku ni gramu 60. Shirika la Afya Duniani linamwambia mtu mzima, hata asiyekuwa na ugonjwa, asifike gramu 50, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Mgonjwa wa sukari anakunywa dawa ya mchaichai ndani ya maji ya sukari.

Niliwahi kukichukua kijiko changu cha chai kwa jirani yangu sonara anipimie kwenye mizani yake ya dhahabu. Kilichosawazishwa kilikuwa gramu 4. Kilichochotwa kwa mlima, kama tunavyochota sote, kilipita 6. Nilikaa kimya pale dukani, kwa sababu nilikuwa najihesabia vijiko viwili miaka ishirini.

Kumwambia ni kazi ya mume wako kwanza. Ndiye aliyesoma ule ujumbe kwa sauti mbele ya mama yake, basi kwa sauti hiyo hiyo arudi kumwambia kwamba haukuwa kamili, na wiki hii hii ampeleke akapimwe presha na sukari, ajue na daktari kwamba dawa zilisitishwa. Mtoto wa kiume anaweza kumwambia mama yake jambo ambalo mke wa mtoto akilisema litaonekana kejeli. Usilibebe wewe.

Lako wewe ni jepesi zaidi. Usimwendee na "chai yako inanidhuru". Ndiyo maneno yaliyomnunisha. Amekupikia kwa mapenzi mwaka mzima halafu anasikia amekulisha maradhi. Mwendee wakati ametulia, labda jioni anapochambua mchele, ukae chini karibu naye, umwambie: "Mama, damu yangu imekataa kupanda na mimi naogopa. Nimeambiwa kidonge hiki kinataka ndimu, na kisikutane na chai wala chakula. Mimi nasahau. Naomba mama unishikie saa, usiku ukiniona nakwenda kulala uniulize." Mpe ulinzi wa kidonge chako. Mama aliyeamka alfajiri miaka yote kuteleka chai ya watu hatashindwa na saa ya kidonge kimoja, na utaona atakavyokisimamia.

Akishazoea, ndipo umwambie na wewe utamshikia saa ya vyake, asubuhi na usiku. Na siku unayomsaidia kupika, muombe sukari muiache mkebeni, kila mtu ajitilie mezani. Sababu unayo, na ni ya kweli: mjamzito hatakiwi sukari nyingi, na mtoto keshaacha chai. Hapana haja ya kumtaja yeye. Chai yake yenye iliki na karafuu ina utamu wake. Akipunguza kijiko kimoja kila wiki ulimi unazoea bila ya kuhisi ametiwa adabu.

Ukiona moyo unakwenda mbio umekaa tu, pumzi inakata ukipanda ngazi, kizunguzungu cha kuanguka, au tone lolote la damu, usingojee tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kama hakuna, fuata haya kwa wiki nne, kisha waombe wakupime tena, na safari hii muuguzi akikuuliza mweleze na ulivyokuwa unameza zamani. Nami uniandikie hiyo namba.